Sura ya Sita: Kuwatambua Wanaousanifu Mtaa Wanamoishi

Kila mchoro wa jiji ni mgao. Mkono unapoamua barabara ipite wapi, bomba la maji liishie kwa nani na kiwanja gani kiachwe wazi, unakuwa umekwisha kuamua nani atatembea juu ya lami na nani atakanyaga tope, ingawa uamuzi huo hauandikwi kwa maneno hayo mahali popote. Nairobi iligawanywa hivyo tangu ilipoanza kama kituo cha reli mwaka 1899, na mpango mkuu wa mwaka 1948, ulioandaliwa na L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, ulibeba waziwazi jina la mpango wa mji mkuu wa koloni. Miinuko yenye hewa nzuri ya magharibi na kaskazini ilikuwa imekwisha kuwa makazi ya Wazungu, na Waafrika walikuwa wamesukumwa mashariki, katika vyumba vilivyopimwa kwa mtu mmoja aliyekuja mjini kufanya kazi na kurudi kwao. Uhuru uliondoa sheria za ubaguzi, lakini haukufuta mistari ya mchoro, na wakazi wengi wa leo bado wanaishi ndani ya maamuzi yaliyofanywa na watu ambao hawakuwajua wala kuwahesabu.

Usanifu, kwa maana inayotumiwa katika sura hii, hauishii kwenye majengo ya fahari. Ni uamuzi wowote wa makusudi kuhusu umbo la mahali au la kitu: upana wa kichochoro, urefu wa ngazi ya choo ambacho mtoto wa miaka minne atakitumia usiku, pembe ambayo mtaro unapaswa kuinamia ili maji yasirudi mlangoni. Usawa wa kijamii nao hauna maana ya kumpa kila mtu kipimo kilekile, bali ni hali ambayo kuzaliwa katika mtaa fulani hakumwongezei mtu gharama ya maji, hatari ya moto au umbali wa kwenda hospitali. Kiongozi wa jamii anayetumia usanifu kuleta usawa ni yule anayeingia katika maamuzi hayo madogo akiwa na watu wake, akayageuza yamfae aliye mnyonge, na mara nyingi hana cheti cha fani hiyo wala ofisi. Namna watu wa aina hiyo wanavyotambuliwa, na namna wanavyosahaulika, ni jambo zito kuliko linavyochukuliwa, kwa sababu anayetambuliwa leo kuwa mwenye mchoro ndiye atakayeitwa kesho bajeti inapogawanywa.

Waithaka ni mahali pazuri pa kuanzia kulitazama jambo hili, hasa kwa kuwa si mahali panapotajwa kwanza watu wanapozungumzia ukosefu wa usawa Nairobi. Ni wadi mojawapo ya tano za eneo bunge la Dagoretti Kusini, pamoja na Mutu-ini, Ngando, Riruta na Uthiru/Ruthimitu, katika ukingo wa magharibi wa jiji unaopakana na Kiambu. Nchi hii yote ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu wakati wa ukoloni, ikaunganishwa na kupimwa upya kwa hati za mtu mmoja mmoja katika miaka ya 1950, kisha ikaingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Matokeo yake ni kwamba ardhi ilifika mjini ikiwa tayari mali ya familia. Kila kizazi kilipogawa shamba, ploti zilizidi kuwa nyembamba, nyumba za mabati za kupangisha zikasimama kwa safu pale palipokuwa na migomba na mahindi, na njia ya kufikia ploti ya nyuma ikabaki kuwa kile ambacho ndugu mmoja alikubali kumwachia mwenzake. Hakuna serikali iliyokaa chini ikaamua uwanja wa watoto uwe wapi, kwa sababu hakuna kipande kilichobaki kisichokuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo kiongozi wa jamii katika eneo la namna hii hukabiliwa na kazi tofauti na ya mwenzake wa Kibera. Kule Kibera, mtaa wa mabanda ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, hoja ya kwanza ni haki ya kubaki; upande wa Dagoretti hoja ni kumshawishi landilodi arudishe ukuta wake nyuma hatua mbili ili gari la wagonjwa lipite, na kumshawishi wa pili, na wa tatu, maana mmoja akikataa njia yote inakufa. Ni usanifu wa maneno kabla ya kuwa wa mawe. Tena sehemu hizi mbili zimeunganishwa na maji. Mto Motoine huanzia upande huu wa Dagoretti, hushuka hadi Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 kando ya Kibera, hutoka hapo ukiitwa Mto Ngong, kisha hupita eneo la viwanda na kuingia katika mitaa ya mabanda ya Mukuru. Kila mtaro ulioelekezwa vibaya huku juu huongeza mafuriko ya watu wa huko chini, na jirani wa kweli wa mwenye ploti si yule anayeshiriki naye ua peke yake.

Mfano wa uongozi wa namna hiyo ulio wazi kuliko yote uko upande wa pili wa jiji, Huruma, katika makazi yaitwayo Kambi Moto. Hapa panastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu kila hatua ya kazi ile ilikuwa uamuzi wa kisanifu uliofanywa na watu ambao jiji lilikuwa likiwaita wavamizi. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996 ili kupinga ubomoaji, lilikuwa limejifunza kwamba kupinga peke yake hakujengi, likaanza kuunda vyama vya akiba vya kuweka fedha kidogo kila siku na kuhesabu wakazi wake lenyewe. Hesabu hiyo ya wakazi, ambayo wanachama huifanya nyumba kwa nyumba kwa fomu walizozitunga wao, huandika nani anaishi wapi, tangu lini, kama mpangaji au kama mwenye kibanda, na matokeo husomwa hadharani ili kila mtu asahihishe jina lake. Pamoja Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 2000 likiongozwa na wakili Jane Weru, liliwasaidia wakazi kufikia mkataba na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 2003, ambao uliwaruhusu kujenga upya palepale walipo badala ya kuhamishwa.

Swali gumu halikuwa la zege. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi wakazi wengi ni wapangaji, na wenye vibanda ni wachache wanaokusanya kodi, wengine wao wakiwa na vyumba vingi na wengine wakiwa hawaishi hapo kabisa. Mpango wowote unaowapa nyumba wenye vibanda humfukuza mpangaji, na mpango unaowapa wapangaji peke yao huvunjwa na wenye vibanda kabla haujaanza. Wakazi wa Kambi Moto walijadiliana hadi wakakubaliana kwamba kila kaya, iwe ya mpangaji au ya mwenye kibanda, itapata nyumba moja. Mwenye vyumba vingi alikubali kupoteza kodi ili apate umiliki usiobomolewa, na mpangaji akapanda kutoka mtu wa kuhesabiwa mwezi kwa mwezi hadi mwenye nyumba. Makubaliano hayo ndiyo msingi wa mchoro wote uliofuata, na hakuna chuo cha usanifu ambacho kingeweza kuyachora kwa niaba yao.

Ndipo umbo la nyumba likatafutwa. Wakazi walichora nyumba walizozitamani, wakajenga mfano wa nyumba kwa fito na vitambaa, ukubwa kamili, wakaingia ndani yake, wakapima kitanda kitakaa wapi na jiko wapi, na kuona kwa macho kile ambacho mchoro wa karatasi humficha mtu asiyezoea kuusoma. Kiwanja kilikuwa kidogo mno kutosha familia zote kwa kanuni za kawaida za ujenzi, kwa hiyo walikubali nyumba yenye kitako cha mita 4.5 kwa mita 4.5, yenye kupanda juu hadi ghorofa mbili, inayogawana ukuta na ya jirani, na ambayo familia inaweza kuianza kwa chumba cha chini na kuongeza cha juu kadiri akiba inavyoruhusu. Sakafu za juu zilitengenezwa kwa laadi, yaani vibamba vidogo vya zege vinavyofinyangwa chini na kupangwa juu ya mihimili, mbinu iliyotoka kwa wenzao wa shirikisho la India, nayo ilichaguliwa kwa sababu haihitaji mbao nyingi wala mashine, na kwa sababu wanawake wa vyama vya akiba waliweza kujifunza kuifinyanga wenyewe na kupunguza gharama kwa jasho lao. Kila uamuzi hapo una sababu ya kijamii inayoweza kutajwa: kitako kidogo ni ili asiachwe mtu, ukuta wa kugawana ni ili bei ishuke, na kujenga hatua kwa hatua ni ili mwenye mapato ya siku kwa siku asishindwe na mkopo.

Mtu akiuliza ni nani aliyesanifu Kambi Moto, jibu la kweli ni refu na lina majina mengi, na hapo ndipo desturi ya kutambua inapokwama. Wasanifu majengo walikuwapo, walitoa ushauri na kuchora michoro ya kuwasilishwa kwa Baraza, na kazi yao haipaswi kudharauliwa. Hata hivyo uamuzi uliofanya mradi uwezekane ulitoka kwa wanachama waliokaa mikutano usiku baada ya kazi, wakawashawishi wenye vibanda, wakaweka shilingi zao katika daftari moja. Sheria ya Kenya ya wasanifu majengo na wakadiriaji wa ujenzi, Sura ya 525, humlinda msanifu aliyesajiliwa na kumpa peke yake haki ya kutumia jina hilo, na ni vema iwe hivyo, kwa sababu jengo lililochorwa na asiyejua huua watu. Lakini sheria hiyo haina mahali pa kumwandika mama aliyeongoza kikao cha kugawa viwanja, na kwa kuwa hana mahali pa kuandikwa, historia humwita mnufaika wa mradi alioufanya uwezekane.

Mukuru ilipanua kazi ya namna ya Kambi Moto hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijajaribiwa Kenya. Mitaa mitatu ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, yenye takriban kaya 100,000, iko juu ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa iliwahi kugawiwa watu binafsi kwa ajili ya viwanda ambavyo havikujengwa. Utafiti uliofanywa na Muungano, shirika la Akiba Mashinani Trust, vyuo vikuu na mawakili wa Katiba Institute ulionyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipa zaidi kwa kila kipimo cha maji na umeme kuliko mkazi wa mtaa rasmi, ilhali anachopata ni hafifu zaidi. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, hadhi ya kisheria inayosimamisha ujenzi mpya kwa muda wa miaka miwili ili mpango unaolifaa eneo lenyewe uandaliwe, bila kulazimishwa kufuata vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya mitaa yenye nafasi.

Kilicholipa zoezi hilo uzito ni namna watu walivyopangwa ili wasikike. Kaya kumi ziliunda kundi, makundi kumi yakaunda baraza la kaya mia moja, na mabaraza yakajumuika katika sehemu kubwa zaidi, hivyo kwamba hoja ya mkazi wa chumba cha mwisho katika kichochoro cha mwisho iliweza kupanda hadi mezani kwa wataalamu wa maji, afya, elimu, ardhi na fedha waliokuwa wamegawanyika katika vikundi vyao. Upana wa barabara ulijadiliwa kwa ukali kuliko pengine jambo lolote, kwa sababu kila mita iliyoongezwa kwenye barabara ilikuwa mita iliyotolewa kwenye vyumba vya watu, na wakazi walizitetea njia nyembamba, za kutosha miguu, mkokoteni na gari la dharura, dhidi ya vipimo vya vitabu ambavyo vingewafukuza wengi wao. Nairobi Metropolitan Services, chombo kilichopewa majukumu ya kaunti kati ya mwaka 2020 na 2022, kilipoanza kujenga barabara, hospitali na njia za maji taka huko Mukuru, mpango uliochorwa kutoka chini ulikuwa tayari unangoja.

Miongoni mwa watu waliotokana na harakati hii ni Joseph Muturi, aliyekuwa mfanyabiashara katika soko la Toi, soko la mitumba lililo kati ya Kibera na Barabara ya Ngong, ambalo wakazi wa Dagoretti hulipita wanapoelekea mjini. Muturi alikwea kutoka chama cha akiba cha sokoni hadi uongozi wa Muungano, na baadaye uenyekiti wa Slum Dwellers International, mtandao wa mashirikisho ya wakazi wa mitaa duni ulio katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Safari hiyo ina uzito wake, kwa maana inaonyesha kwamba ujuzi wa kugawa nafasi sokoni, kibanda kwa kibanda, bila kumdhulumu jirani, ni ujuzi wa mipango miji uliokosa jina hilo tu.

Hata hivyo Mukuru pia ndipo panapoonyesha udhaifu wa kutambuliwa kusikokuwa na nguvu. Mwishoni mwa mwaka 2021, hadhi ya eneo maalumu ikiwa imetangazwa na mpango ukiwa umechorwa kwa ushiriki wa maelfu, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha ujenzi wa barabara, na maelfu ya wakazi wakalala nje juu ya vifusi vya nyumba zao. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa ya Aprili na Mei, serikali ilibomoa nyumba zilizo kando ya mito huko Mukuru na Mathare. Hoja ya usalama wa kingo za mto ni ya kweli na wakazi wenyewe waliijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni wao waliokuwa wakitoa maji ndani ya vyumba. Lakini aliyeombwa kuchora mpango anapoamshwa na tingatinga, basi alichopewa mwanzoni hakikuwa heshima, kilikuwa adabu ya mkutano.

Kibera, juu kidogo ya mto huohuo, inatoa sura nyingine ya suala hili. Mwaka 2006 wanafunzi sita wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Mkenya Arthur Adeya, msanifu wa mandhari, yaani mtaalamu wa kupanga ardhi, maji na mimea kuzunguka makazi, walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative. Eneo lao la kwanza lilikuwa jalala kando ya mkondo wa maji karibu na Bwawa la Nairobi, na mshirika wao alikuwa kikundi cha wakazi kiitwacho New Nairobi Dam Community. Kikundi hicho hakikuomba bustani. Kilitaka mahali ambapo mafuriko yatazuiwa, watoto watacheza, mikutano itafanyika kukiwa na kivuli, na biashara ndogo kama kutengeneza mboji na kusuka vikapu zitaingiza fedha za kulipia matengenezo. Kanuni iliyozaliwa hapo, kwamba kila eneo la umma lazima liwe na umbo linalofaa, chanzo cha mapato na kikundi kinacholimiliki, imeendelea katika maeneo mengine ndani ya Kibera, na lengo lake ni kuzuia maeneo hayo yasirudi kuwa majalala baada ya wafadhili kuondoka.

Shirika hilo lilipewa Tuzo ya Kitaifa ya Usanifu ya Marekani katika fani ya mandhari mwaka 2022, tuzo inayotolewa na jumba la makumbusho la Cooper Hewitt, na liliistahili. Ni haki kuongeza kwamba vikundi vinavyofagia, vinavyokusanya ada ya choo, vinavyosuluhisha ugomvi kati ya mwenye kioski na vijana wa mpira, na vinavyofungua mtaro usiku wa mvua, hufanya usanifu kila siku, kwa sababu eneo la umma halikamiliki siku ya kukata utepe. Tuzo za kimataifa zimeumbwa kumwona aliyechora kuliko anayetunza.

Shining Hope for Communities, shirika linalojulikana zaidi kwa kifupisho cha SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede mwaka 2004 alipokuwa kijana wa Kibera, linaonyesha ubunifu wa aina nyingine. Mabomba ya maji katika Kibera yalikuwa yakipita ardhini, ndani ya mitaro ya maji taka, yakitoboka na kunyonya uchafu, au yakikatwa na wauzaji wa maji waliotaka mitungi iendelee kununuliwa kwao. SHOFCO iliyainua mabomba juu ya nguzo, yakapita angani kuelekea vioski vya maji, mahali ambapo uvujaji huonekana na kila mtu na mkono wa mwizi haufiki kwa siri. Hili ni wazo la kisanifu lililo safi kabisa: kitu kilekile, bomba lilelile, likibadilishwa mahali tu, linabadilisha nani ana mamlaka juu ya maji. SHOFCO ilipata Tuzo ya Hilton ya Kibinadamu, yenye thamani ya dola milioni 2, mwaka 2018, na Odede mwenyewe akapewa Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Nelson Mandela mwaka 2025. Kwa nadra, hapa heshima ilimfikia mtu aliyekulia mahali penyewe.

Mradi wa Map Kibera nao unahitaji kutajwa, walau kwa ufupi. Mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera walijifunza kutumia vifaa vya kupima mahali kwa setilaiti, wakachora kwenye ramani huria ya intaneti vichochoro, zahanati, vyoo na shule za mtaa ambao ramani za umma zilikuwa zimeuacha wazi au zimeuandika msitu. Mtaa usio na ramani hauwezi kudai mtaro.

Dandora, mtaa uliopangwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukiwa na ploti 6,000 zilizopimwa pamoja na miundombinu ya msingi, una nyua za pamoja ambazo kwa miaka mingi ziligeuka kuwa mahali pa taka na woga. Vijana wa Dandora Transformation League walianza kuzisafisha, kuzifunga kwa malango, kuzipaka rangi na kupanda miti, wakilipwa ada ndogo na wakazi kwa ulinzi na usafi, na wakaanzisha mashindano ya nyua. Mtandao wa Public Space Network uliyapanua mashindano hayo kwa jiji zima kwa jina la Changing Faces. Kinachoyatofautisha na tuzo nyingi ni kwamba anayeshindana ni kikundi, kinachopimwa ni mabadiliko ya mahali, na majirani wa mshindi huweza kwenda kwa miguu kuyaona. Mashindano ya namna hiyo yanafaa sana kwa Waithaka na jirani zake, ambako ua wa ploti moja ndio uwanja pekee wa watoto, na ambako landilodi anayeacha nafasi bila kuijenga chumba cha kupangisha anapoteza kodi ya kweli bila kupewa hata asante.

Ulimwengu mpana una angalau desturi moja inayofaa kuigwa. Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan, iliyoanzishwa mwaka 1977, hugawa heshima yake kwa wote waliofanikisha mradi: msanifu, fundi, mjenzi, manispaa na mwenye kazi. Katika awamu yake ya kwanza, mwaka 1980, iliutuza mpango wa kuboresha vijiji vya mjini Jakarta, Indonesia, ulioweka njia za miguu, mitaro na maji katika mitaa duni bila kuibomoa. Majaji wa wakati ule waliweza kuona kwamba njia ya zege yenye upana wa watu wawili, iliyowekwa mahali pasipokuwa na njia, ni usanifu uliostahili kusimama kwenye orodha moja na misikiti na majumba.

Hata hivyo heshima inaweza kudhuru. Kiongozi anayetangazwa sana huanza kuitwa peke yake kwenye mikutano, kisha kila mradi lazima upitie kwake, kisha kikundi kilichomzaa hujikuta kikiomba ruhusa yake. Mitaa ya Nairobi imewaona madalali wengi walioanza wakiwa watetezi. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wengi katika vyama vya akiba na wachache mbele ya kamera. Ndiyo maana kumtambua kiongozi pasipo kulitambua daftari la wanachama wake ni kumpa mtu mmoja mali ya wengi.

Kenya tayari ina vifaa vya kisheria vya kulifanya jambo hili kwa namna iliyo thabiti. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, usafi na maji safi ya kutosha, na Ibara ya 184 inadai wakazi washiriki katika uongozi wa miji. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaendeleza nafasi ya maeneo maalumu ya upangaji, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inavipa vikundi hivyo msingi wa kutambulika kisheria. Kinachokosekana ni vifungu vichache visivyo na fahari: kwamba mpango wowote wa mtaa ubebe majina ya vikundi vilivyoshiriki kuuandaa pamoja na ya wataalamu waliotia sahihi, kwamba muda wa wakazi wanaohesabu kaya na kupima vichochoro ulipwe kama unavyolipwa muda wa mshauri, kwamba kikundi kilichochora mpango kipewe taarifa na haki ya kusikilizwa kabla mpango huo haujavunjwa, na kwamba matengenezo ya eneo la umma yawe na fungu katika bajeti ya wadi, likisimamiwa na walio karibu nalo.

Bunge la Kaunti ya Nairobi lina uwezo wa kuvitunga vifungu hivyo, na wawakilishi wa wadi, wa Waithaka na wa wadi nyingine zote, wanapaswa kuulizwa na wapiga kura wao kwa nini hawajavitunga. Wasanifu majengo na wataalamu wa mipango miji waliosajiliwa nao wanaweza kuanza bila kungoja sheria, kwa kuyaandika majina ya wenyeji kwenye karatasi ya kwanza ya kila mchoro wanaoupeleka kuidhinishwa.